Nguchiro na Ngoma ya Kuanguka

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na uwanja, vumbi mpaka puani.
Uwanja wa nani?
Wa wote, ila Fisi alisema ni wake.
Haya, tupeleke!

Basi zamani, ngoma ilikuwa moja tu, na ilichezwa kwa ncha za vidole. Unavaa mitalawanda, viatu vya mbao, ka! ka! ka! Unajifunga kibwebwe mpaka macho yanakutoka. Tumbo ndani, shingo juu, usiiname, usianguke. Mwamuzi alikuwa Fisi. Cheo alijipa mwenyewe, na kwa meno yale, nani angemkatalia? Sheria pia alitunga yeye: asiyecheza hateki maji kisimani, na anayecheza aje na kikapu cha chakula. Akikosea, kikapu ni cha mwamuzi. Ajabu ni kwamba kila mtu alikosea.

Swala akayumba kidogo. "Kosa!" Nyam, nyam, nyam.

Kanga akapiga chafya. "Kosa!" Nyam, nyam, nyam.

Ikafika zamu ya Nguchiro, mama wa watoto wengi, mwili mdogo, ulimi mrefu. Kikapuni alikuwa na mayai, na Kanga asiulize ya nani. Watoto wake walikuwa hawajala tangu jana, kwa hiyo aliogopa kweli kweli. Akaingia uwanjani. Ka! ka! ka! Kibwebwe kikambana, pumzi ikamwishia, kiatu kikapinduka. Puu! Chali.

"Kosa!" Fisi akalamba midomo. "Lete kikapu, dada."

Nguchiro akawakumbuka wanawe. Halafu ulimi ukawahi.

"Kosa gani, Bwana Mwamuzi? Ngoma ndiyo kwanza inaanza!"

Akatupa kiatu huku, akatupa kingine kule. Akafungua kibwebwe, akavuta pumzi, hoooo! Akainuka, akayumba, akajiangusha tena. Puu! Akabiringika, akainuka anacheka.

"Aliyekosea hujuta," akasema. "Mimi nimerudia. Hii ni ngoma mpya, imetoka mbali."

"Mbali wapi?"

"Huko ambako wewe hujaalikwa, Bwana."

Kanga akavua viatu. Swala akafungua kibwebwe. Puu! Hoooo! Puu! Uwanja mzima ukawa unaanguka na kuinuka, na wengine walilia kwa raha ya kupumua tu. Fisi akazunguka akitafuta kosa. Aliyelala chini anacheza, aliyesimama anacheza, aliyepiga chafya ndiye anashangiliwa. Vikapu vilivyobaki vimejaa, tumbo lake bado linadai.

"Sasa mimi nitahukumu nini?" akauliza. "Nifundishe, dada. Niwe mwamuzi wa hii pia."

"Rahisi, Bwana. Fumba macho, legeza mwili, jibiringishe. Usisimame mpaka usikie makofi."

Uwanja ule ulikuwa juu ya kilima. Fisi alilijua hilo tangu utoto, ila uroho ulimsahaulisha. Akafumba macho. Biri, biri, biri, biri... chubwi! Topeni.

Wenzake wakateka maji, wakabeba vikapu, wakaenda zao. Watoto wa Nguchiro walikula mayai wakaramba na maganda. Fisi huko topeni alilala kimya, macho kafumba, akingoja makofi. Jua likasogea. Mwishowe Swala, sijui kwa huruma au kwa dhihaka, akapita juu ya kilima na kupiga makofi. "Safi sana, Bwana Mwamuzi!"

Fisi akainuka, kiuno kimeteguka, akainama kushukuru. Mpaka leo anatembea vile vile, kiuno chini, na ukimwuliza ana nini, anakwambia yuko mazoezini.

Basi wanangu, fundisho ni hili: mheshimuni mwamuzi, kazeni vibwebwe, wala msianguke ovyo kama Nguchiro. Mtakuwa wachezaji wa heshima, na wembamba sana.

Hadithi yangu naiacha hapo chini. Ikiwa tamu, iokoteni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Fisi, yeye hachagui.