Kitanda Jirani na Mama Mkwe

Haya niliyaona kwa macho yangu na nimeyaandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Mwenye haraka apite. Ila kesho asije kuniuliza habari ya yule mama iliishaje.

Mimi ni fundi cherehani wa Tanga. Dada yangu anaishi Marekani, upande ule wa mwisho kabisa wa ramani, na mwaka jana alinitumia tiketi nikamtembelee. Ndege ya pili, tuliyoipandia Uarabuni, ilikuwa ya saa kumi na sita. Saa kumi na sita umekaa! Mimi hata kanzu ya harusi yenye darizi siishoni muda wote huo bila kuinuka.

Kiti changu kilikuwa nyuma kabisa, cha katikati, karibu na choo. Kushoto alikaa baba mmoja mnene, kulia baba mwingine aliyemzidi, na sehemu zote za kuwekea mikono walikuwa wameshagawana. Magoti yangu yaligusa kiti cha mbele. Kila aliyekwenda chooni alishika kichwa cha kiti changu kama anapanda ngazi.

Wakati wa kuingia tulipitishwa kule mbele kwa wenye nafasi. Panaitwa daraja la biashara. Mimi nina cherehani tatu na leseni ya biashara ukutani, lakini nikaambiwa nisonge nyuma. Niliona viti vinavyojikunjua vikawa vitanda, mito minene, mablanketi mazito, na vinywaji kwenye bilauri za kioo. Nikajisemea, kumbe duniani kuna watu na kuna abiria.

Tuliruka saa nne asubuhi. Baada ya kula wakafunga madirisha na kuzima taa. Nje jua linawaka, ndani tunaambiwa tulale. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na sina hakika kama nimemaliza.

Tulikuwa tumekaa hewani kwa muda wa saa nne hivi nilipoguswa bega. Alikuwa mwanamume wa miaka kama arobaini, suti nzuri, tai imemkaba, macho mekundu. Nyuma yake alisimama mhudumu wa kike aliyekunja uso.

"Shikamoo mzee. Nilikusikia ukiongea Kiswahili mlangoni."

"Marahaba."

"Naomba tubadilishane viti."

"Chako kiko wapi?"

"Mbele. Kile cha kulala."

Nikamtazama. Nikamtazama mhudumu. Nikakitazama kiti changu, nisije nikawa nimekidharau bure.

"Unataka kunipa kitanda, wewe ukae hapa?"

"Hapo hapo, mzee."

Jamani, hakuna masika yasiyo na mbu. Akili yangu ilikwenda mbali. Niliona polisi wananingoja chini, niliona mbwa wananinusa, nilimwona dada yangu anasema hanijui.

"Umeficha mzigo gani chini ya hicho kiti?" nikamuuliza.

"Sina mzigo, mzee. Mzigo ni mimi mwenyewe. Pembeni yangu ameketi mama mmoja, anaumwa miguu. Nisipoondoka pale anaweza kufa."

"Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu. Tatizo ni kwamba nipo."

Sasa mtu akikuambia hivyo utamjibu nini? Nilifungua mkanda. Nilipokuwa najipenyeza kutoka, akanishika mkono.

"Akikuuliza, usiseme nimeondoka kwa ajili yake."

"Niseme nini?"

"Sema nimependa huku."

"Umependa chooni?"

"Sema hivyo hivyo, mzee wangu."

Nikaenda mbele na begi langu kifuani, najiandaa kwa lolote. Nilimkuta mama wa miaka kama sabini, amejifunga kanga mbili, mgongo umenyooka, viatu vimefungwa kamba, mikono mapajani. Amekaa juu ya kitanda kama anayesubiri foleni ya hospitali. Chakula chake kimefunikwa, hajakigusa. Chupa ya maji haijafunguliwa. Viti vilikuwa viwili vimebanana, na kati yake kikuta kidogo kinachoishia kwenye kiwiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ameondoka?"

"Nani, mama?"

"Huyo."

"Yuko nyuma. Anasema amepapenda."

"Hatarudi?"

"Mpaka tutue."

"Apa."

Nikaapa. Yule mama akashusha pumzi ambayo nadhani aliishika tangu Uarabuni. Akafungua chupa akanywa maji yote. Akauliza choo kiko wapi, akaenda akichechemea, akarudi. Akavua viatu, na hapo nikashtuka, maana miguu ilikuwa imeumuka kama maandazi. Kisha akala kila kilichokuwa kwenye sahani, hata kile kijipande cha siagi akakila kikavu.

"Haya," akasema, "unajua kukilaza hiki?"

Sikujua. Tulibonyeza vitufe vyote. Kwanza kiti kikamwinua miguu, kikamkunja, kikawasha taa, kikaanza kumtetemesha mgongo. Akapiga kelele nami nikapiga. Mhudumu akaja akabonyeza kitufe kimoja tu na kitanda kikalala. Nikamwekea mama mto chini ya miguu.

"Daktari wa Mwanza alinikanya," akasema. "Miguu juu, maji mengi. La sivyo damu itaganda nisifike."

"Sasa mama, mbona saa nne zote umekaa hivyo?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza kwa nini moto unaunguza.

"Nilale mbele ya mkwe wangu?"

Basi akanieleza. Yule mwanamume anaitwa Bundala, amemwoa binti yake, Minza. Minza yuko Marekani, ana mimba ya kwanza baada ya miaka sita ya kungoja, madaktari wamemkataza hata kuinuka kitandani, naye kutwa analilia mama yake. Bundala akasafiri hadi Maswa kumchukua mkwewe. Aliposikia habari ya ile miguu, akauza gari ili mama apate kitanda, yeye mwenyewe akajikatia tiketi ya nyuma. Lakini mlangoni wahudumu wakaona wako pamoja na mama hajui Kiingereza. Wakawahurumia. Wakampandisha Bundala kwenye kiti cha jirani, bure, na watu wakawapigia makofi. Kumbe kile chake cha nyuma ndicho walichonipa mimi mlangoni.

"Bahati hiyo, mama!"

"Bahati gani? Kwetu sisi tunaofuata ya wazee, mtu na mama mkwe wake hawali pamoja, hata njia nyembamba hawapishani. Leo nilazwe naye ubavu kwa ubavu, kikuta chenyewe kinaishia kiwikoni? Nikitaka choo nimruke miguu? Ndiyo maana sikunywa maji."

"Si ungemwambia asogee."

"Kwa mdomo upi? Jambo zito kwa mkwe husemwa na mshenga. Na mshenga wetu yuko Maswa na ng'ombe zake."

Kwetu mama mkwe wangu ananiita mlafi mbele za watu, nami nacheka naongeza wali. Lakini kila ndege huruka kwa ubawa wake. Nilipotaka kumuuliza jambo lingine, mama alikuwa ameshalala, anakoroma taratibu.

Mimi sasa. Nimepewa kitanda, nimepewa mto, nimepewa na soksi. Usingizi haukuja. Niligeuka huku, nikageuka kule, nikabaki namfikiria yule kijana niliyemwacha kwenye mateso yangu. Baada ya saa kadhaa nikashindwa, nikaenda kumwangalia.

Alikuwa kati ya wale mababa wawili, viatu amevua, tai amelegeza, kichwa begani kwa yule wa kushoto, mdomo wazi. Amelala fofofo! Mlango wa choo unagonga karibu na sikio lake na hasikii. Sijawahi kuona mtu aliyestarehe kiasi kile kwenye kiti kibaya kiasi kile.

Nilipotaka kuondoka akafumbua macho.

"Amelala?"

"Amelala."

"Amekula?"

"Mpaka siagi."

"Maji?"

"Chupa nzima, na nyingine iko pembeni."

Akafunika uso kwa viganja. Nilimwacha kidogo, maana alikuwa analia.

"Mzee, saa nne zile sikuvua hata koti," akasema. "Nilidhani nikijikaza atajua namheshimu. Kumbe nami ninavyojikaza, ndivyo yeye anavyovimba. Minza angeniuliza nini kama ningemfikishia maiti?"

Nilimpiga piga begani, na yule baba mnene wa kulia, ambaye haelewi neno la Kiswahili, naye akampiga piga begani.

Tangu hapo sikukaa. Mama akiamka ananipa blanketi: "Mpelekee, usiseme limetoka kwangu." Nikifika nyuma, Bundala ananiambia: "Muulize kama miguu imepungua, usiseme nimeuliza." Nilitembea ndani ya ndege ile mpaka nikahisi nafika Marekani kwa miguu.

Nilipopita mara ya tatu mhudumu akanizuia kwenye pazia. Kiingereza changu ni cha kununulia uzi, lakini nilimwelewa.

"Hawa watu wanachukiana?"

"Hapana. Wanaheshimiana."

Akazidi kukunja uso. Akanieleza kwamba kabla Bundala hajaja kumwomba ahamishwe, mama ndiye aliyetangulia. Mara tu ndege ilipotulia angani alimwita, akaonyesha kidole nyuma, akajigusa kifua, akaonyesha nyuma tena. Mhudumu akadhani mgongo unamuuma, akamletea mto wa pili.

Nilishika pazia. Yaani kila mmoja alikuwa tayari kwenda kukaa kwenye mateso ya nyuma ili mwenzake abaki kitandani! Na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwambia mwenziwe, walibaki wote wawili pale mbele, wima, wanaumia kwa adabu.

Tulitua salama. Mama aliweza kuvaa viatu vyake, ingawa kamba hazikufunga. Bundala alikuwa ameagiza kiti cha magurudumu tangu siku aliyokata tiketi, na kweli kilikuwepo mlangoni. Cha turubai, kimechakaa, gurudumu moja linalia. Wazee wenye kuhitaji kusukumwa walikuwa wengi kuliko wasukumaji, tukaambiwa tungoje. Bundala akatazama huku na huku. Kisha akashika mpini, akaanza kusukuma.

Nilikunja mabega nikingoja mama aruke. Hakuruka. Alikuwa anatazama mbele, na mkwe wake yuko nyuma. Hawakuonana uso. Tulitembea hatua kama hamsini, mimi na begi la mama, gurudumu linalia.

"Mama," Bundala akasema kwa sauti ndogo, "miguu inaendeleaje?"

"Imepungua, baba. Na kile kiti chako cha nyuma, kilikuwa kizuri?"

"Kizuri sana, mama."

"Muongo wewe!"

Mabega ya mama yakaanza kutikisika kwa kicheko. Bundala naye akacheka, akasimama kidogo ajifute macho, akaendelea. Ukumbi ule ulikuwa mrefu na wao waliutumia wote. Waliongea habari za Minza, kama anakula, kama anapata uji wa ulezi, kama kule kuna mtu wa kumkanda mgongo. Nadhani ndiyo mara yao ya kwanza kuongea bila mtu kati yao.

Karibu na mlango wa kutokea, Bundala akasema, "Mama, ni mtoto wa kike. Minza anasema apewe jina lako."

Mama alivuta kanga akafunika uso wote. Mkwe hakuona, maana alikuwa nyuma. Mimi niliona, na mimi ndiye niliyelia kwa sauti mbele ya askari wa uwanja, mpaka akaniuliza kama nimepoteza begi.

Dada yangu aliponipokea aliniuliza safari ilikuwaje. Nikamwambia nimekaa mbele na nimekaa nyuma. Akauliza wapi pana raha. Mpaka leo namtafutia jibu. Mbele nilipewa kitanda nikakosa usingizi. Nyuma nilimwona mtu amekosa hata pa kuweka kiwiko na amelala kama mtoto. Na kiti kilichowafaa wote wawili, mama na mkwe, kilikuwa kile cha turubai ambacho hakuna tiketi inayokiuza.

Ninachojua ni kimoja. Siku ya kuoa Bundala alimkumbuka mshenga, siku ya kusafiri akamsahau.

Funzo: Usimpimie mwenzako raha kwa upana wa kiti. Muulize anapenda kukaa vipi na karibu na nani, na kama heshima imekuziba mdomo, mtume mtu akuulizie kabla miguu haijavimba.