Siku Kumi za Chatu

Mnataka hadithi au hamtaki?

Tunataka.

Semeni tena, kila mmoja kwa sauti yake.

Tunataka.

Vizuri. Waliosema hawataki ndio hadithi yenyewe.

Baraza la wanyama lilipitisha sheria ya matangazo. Anayetangaza ataje jina lake. Aseme kweli juu ya anachouza. Ataje anapoishi. Na akiambiwa "Sitaki", aache ndani ya siku kumi.

Wa kwanza kuitii alikuwa Chatu. Alimpa Kasuku kazi ya kupita shimo kwa shimo, na Kasuku alisema alichotumwa, neno kwa neno:

"Mimi Chatu. Nauza gamba nililojivua, laini, la kutandikia watoto. Naishi pango la jabali jeusi. Usipotaka, sema Sitaki."

Mashimo ya kando ya mto yalikuwa mengi, na mengi yalikuwa matupu. Kasuku alitangaza kwenye yote.

Sungura wa mchongomani alijibu, "Sitaki."

Kasuku akarudi pangoni. "Shimo la mchongomani limesema Sitaki."

"Kumbe lina mtu," alisema Chatu. "Nitaliheshimu."

Shwaa, shwaa, shwaa, akateremka. Guku. Shimo la mchongomani halikutangaziwa tena.

Nguchiro watano wa kichuguuni walijibu, "Hatutaki."

Kasuku akarudi pangoni. "Kichuguu kimesema Hatutaki."

"Kumbe wako wengi," alisema Chatu. "Nitawaheshimu wote."

Shwaa, shwaa, shwaa. Guku, guku, guku, guku, guku. Kichuguu nacho hakikutangaziwa tena.

Ndugu wa marehemu walikwenda kwa Nyati, mkuu wa baraza.

"Baada ya kusema hawataki, walitangaziwa tena?" aliuliza Nyati.

"Wameliwa, mzee."

"Siulizi hilo. Walitangaziwa?"

"Hapana."

"Basi sheria imefuatwa."

Shimo la mwisho lilikuwa la Buku, panya mama mwenye watoto sita ambao hawajafumbua macho. Hakuweza kuwahamisha. Kasuku alipotangaza, Buku alinyamaza. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu, Kasuku aliporudi kutangaza, mtoto mmoja alilia.

"Shoga, kumbe upo," alisema Kasuku.

"Hujasikia kitu."

"Nimesikia mtoto. Bwana ataniuliza, na mimi husema nilichosikia. Usinikasirikie. Leo ana nguchiro watano tumboni, hata kujigeuza hawezi. Atakuja keshokutwa."

Buku aliuliza, "Wewe unamtangazia Chatu peke yake?"

"Yeyote. Mimi ni mdomo tu."

"Basi nitangazie kwa Siafu."

Kasuku akaruka mpaka kwa Siafu, akasema neno kwa neno:

"Mimi Buku. Naishi shimo la mwisho, kando ya mto. Natangaza nyama ya Chatu. Iko pango la jabali jeusi, imeshiba, haiwezi kujigeuza. Usipotaka, sema Sitaki."

Siafu hawakusema Sitaki.

Chakara, chakara, chakara, walifika kesho yake asubuhi. Pango lilikuwa na mlango mmoja. Wakaujaza.

"Nani hao?" aliuliza Chatu.

"Tumeitikia tangazo, bwana."

"Sitaki."

"Umesikika," alijibu Siafu wa mbele. "Tutaacha. Sheria imetupa siku kumi."

"Sitaki. Sitaki."

"Ukisema mara moja inatosha, bwana."

Walitumia siku mbili. Nane zilibaki.

Buku alikwenda pangoni, akakuta gamba limelala pembeni. Akakata kipande, akawatandikia watoto. Lilikuwa laini. Chatu hakuwa amedanganya.

Kasuku yuko hai, na kazi bado anayo.

Hadithi yangu naiweka chini. Anayeitaka aiokote, asiyeitaka apite kimya kimya. Na funzo lake, watoto, ni hili: mkiletewa tangazo msilolitaka, msinyamaze. Jibuni kwa adabu, na mseme mko wangapi ndani.