Washauri wa Bi Zahabu

"Mshauri wa matanga halipi ada." Mmemsikia mama yenu akisema hivyo, mkacheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi, na mimi nilikuwepo, jirani wa ukuta mmoja.

Pale Soni aliishi Shekiondo, fundi mitambo wa kiwanda cha chai. Alimpenda mkewe, Bi Zahabu, lakini pesa hakumshikisha. Hata chumvi alinunua mwenyewe. Akafariki ghafla. Zahabu akabaki na binti yao, Nakiete, na mafao ya marehemu, shilingi milioni nne. Mwanamke hajawahi kushika hata laki!

Arobaini haijatimia, shemeji yake Shemdoe akaja. "Shemeji, pesa isilale. Nunua pikipiki, utafute dereva." Akanunua. Miezi mitatu baadaye akaja wifi yake, Mwanahawa. "Pikipiki itakuulia mtoto wa watu, wifi. Iuze, ufuge kuku." Akaiuza kwa hasara, akanunua kuku mia mbili. Ugonjwa wa kideri ukapita, wakabaki saba. Mzee Hoza, binamu wa marehemu, naye akataka kaburi lijengewe vigae.

Hapo nilishindwa kunyamaza. "Zahabu, una wazimu? Marehemu ana haja gani na vigae?"

Akanitazama kwa uchovu. "Nikikataa watasema nimefurahi kufiwa."

Kaburi likajengwa, likameremeta kuliko nyumba yake.

Mwaka huohuo Nakiete akapata nafasi chuo cha uuguzi. Ada laki nane, mwisho wa kulipa Jumatatu. Zahabu alikuwa na laki moja na nusu. Akawaita wote watatu Ijumaa baada ya swala, akawapikia chai, akawaeleza.

Shemdoe akajikuna shingo. "Ungesema mapema, shemeji. Sasa nina harusi ya mwanangu."

"Mimi ningekuwa nayo, wifi, Mungu anajua," akasema Mwanahawa, akiongeza sukari.

Mzee Hoza akakohoa. "Kwani lazima asome mwaka huu? Mimi nashauri..."

"Usinishauri!" Zahabu alisimama. Miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Pesa ilipokuwepo kila mtu alikuwa na la kusema. Imekwisha, huyu ana harusi, yule ana Mungu, wewe bado una ushauri! Mshauri wa matanga halipi ada. Malizeni chai, mwende zenu."

Wakaondoka wamenuna. Nakiete alilia siku mbili, na nafasi ile ikapotea. Sitawadanganya kwamba ilirudi.

Zahabu akahamia chumba cha nyuma, vyumba vya mbele akawapangisha walimu. Kodi ya kwanza akaipeleka benki mwenyewe, akamuuliza karani kila neno asilolielewa mpaka watu wa foleni wakaguna. Akaendelea kuuliza. Mwaka uliofuata Nakiete akaomba upya, akapata, akaenda.

Shemdoe alipita siku moja kumwambia kodi ile ingefaa kuingizwa kwenye biashara ya mbao. Zahabu akamsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha ugali, wala hakumpa hata senti. Watu wakasema amekuwa mgumu. Wajane wa Soni hawakusema hivyo. Wao walilichukua lile neno lake, wakapeana nyumba kwa nyumba hata likamfikia mama yenu huku: mshauri wa matanga halipi ada.