Punda wa Bwana Mselem

Bwana Mselem alipompenda punda wa Mwanaheri, muuza maji, hakuona haja ya kumnunua. Alikwenda kwa hakimu akadai punda ni wake, ameibiwa asubuhi ile. Mashahidi wake watatu walivaa kanzu zilizopigwa pasi, na mji mzima ukajua papo hapo kwamba ukweli hauwezi kukaa ndani ya kanga iliyochanika.

"Shahidi wako wewe nani?" hakimu akamuuliza Mwanaheri.

"Sina, Bwana Hakimu. Watu wa heshima namna hii watasemaje uongo? Ila naomba Bwana Mselem aape kwamba jana usiku punda alikuwa wake."

Mselem akaapa kwa sauti. Mashahidi wakaapa kwa sauti kubwa zaidi.

"Alhamdulillahi," Mwanaheri akashusha pumzi. "Basi atailipa yeye ile miche ya minazi ya Bwana Hakimu, huko nyuma ya baraza, aliyoitafuna punda huyu jana usiku."

Hakimu akavua miwani.

"Nimemfananisha!" Mselem akapiga kelele. "Wangu ana sikio jeusi. Huyu ni wa Mwanaheri, wallahi!"

Mashahidi nao wakakumbuka hivyo hivyo, kwa heshima ile ile.

"Punda ni wa Mwanaheri," hakimu akaamua, "na miche atailipa yeye."

"Nitalipa, Bwana," Mwanaheri akajibu, kamba ya punda wake tayari iko mkononi. "Chungulia tu dirishani, unitajie iliyoliwa."

Hakimu akachungulia. Miche yote ilikuwa imesimama, inapepea kwa upepo.