Viti Viwili vya Nakijwa

"Mguu ukipanda, moyo hutua mzigo." Mmeisikia leo shambani mkaanza kubishana imetoka kitabu gani. Haikutoka kitabuni, imetoka hapa hapa Ivuga. Endeleeni kupukuchua hayo maharagwe, maana nawajua, masikio yakianza kazi mikono inalala. Methali hii ilianza hivi.

Nakijwa alikwenda mjini kusoma, akarudi karibu awe mwanasaikolojia, yaani mtu anayetibu nafsi zilizoumia. Alibakiza mazoezi ya miezi mitatu tu apewe cheti. Zahanati ikampa chumba, akaweka viti viwili vikitazamana kama alivyofundishwa, akasubiri watu wamfungukie.

Maskini, shule ilikuwa imemsahaulisha kwao. Huku kwetu ukikalishwa kwenye kiti uso kwa uso na mtu, ujue una kesi. Ndivyo wazee wa ukoo wanavyomhoji mwizi wa ndizi. Basi kila aliyeingia alisema hajambo, hana neno, akaaga.

Mgumu kuliko wote alikuwa Elieneza, mpasua mbao. Tangu udongo uporomoke ukamfukia mdogo wake Kiondo, ilikuwa miezi minane hajatamka neno. Mkewe alimsemesha mpaka akachoka. Na sasa binti yake Namkunda alikuwa anaolewa Jumamosi. Mila mnaijua: baba ndiye hutamka kwa kinywa chake kwamba mwanangu nimemtoa. Baba akiwa hai na akanyamaza, ni sawa na kumkana mtoto.

"Dada Nakijwa," Namkunda alimwambia huku analia, "baba akinyamaza Jumamosi, nitatoka kwetu kama niliyefukuzwa."

Jumatatu Elieneza alikaa kwenye kiti saa nzima akitazama viatu vyake. Nakijwa alitoka mle moyo umemwisha. Njiani akapishana na wanawake wanatoka msituni na kuni kichwani, mmoja nyuma ya mwenzake, wakitoboleana siri za nyumbani ambazo wakiwa wamekaa kibarazani hakuna anayethubutu kuzigusa. Akasimama kuwatazama. Aliyesema alikuwa anauambia mgongo, na mgongo haumhoji mtu. Nakijwa akacheka peke yake, akajiona mjinga, na akafurahi kujiona mjinga.

Kesho yake alivaa raba akapiga hodi kwa Elieneza. "Shikamoo, baba. Nataka kupanda hadi jabali la juu, na njia ya kule siijui. Nisindikize."

Elieneza alichukua panga lake, akatoka. Jumanne walipanda kimya. Jumatano kimya. Pale zahanati wakaanza kumwita daktari wa matembezi. Aliwasikia, ikamuuma, na Alhamisi akapanda tena.

Siku hiyo walifika kwenye jabali lenyewe, ambapo lazima utumie mikono. Nakijwa alitangulia makusudi, Elieneza nyuma. Nakijwa akanyoosha mkono ashike jiwe.

"Usishike hapo. Hilo limelegea."

Nakijwa aliurudisha mkono. Jiwe likachomoka lenyewe, likabingirika hadi korongoni. Alitamani ageuke amkumbatie mzee wa watu, lakini alijizuia, akabaki ametazama mwamba.

"Umejuaje, baba?"

Kisha sauti ikaja nyuma yake, ina kutu ya miezi minane. "Hata asubuhi ile niliona. Ufa, juu ya shamba la Kiondo. Nikasema nitamwambia baada ya chai."

Nakijwa aliendelea kupanda, na Elieneza akaendelea kusema, neno kwa hatua, mpaka kileleni. Huko alilia. Nakijwa akakaa kando yake, wote wakitazama bondeni.

"Leo umesema mapema, baba," akamwambia. "Na mimi ni mzima."

Jumamosi ilipofika ua ulijaa. Namkunda alisimama ameinamisha kichwa. Elieneza akainuka, akakohoa.

"Huyu ni Namkunda, mwanangu mimi Elieneza. Leo nimemtoa kwa kinywa changu. Mwende kwa amani."

Vigelegele vya siku ile vilisikika ng'ambo ya bonde. Namkunda alimwangukia baba yake kifuani, hata bwana harusi akasahauliwa. Mganga mkuu wa zahanati, mmoja wa wale waliomcheka Nakijwa, alisogea akauliza mzee amepewa dawa gani.

"Dawa?" Elieneza akasema. "Mguu ukipanda, moyo hutua mzigo."

Nakijwa alipata cheti chake, na siku hizi watu wanatoka wilaya tatu kuja kupanda naye. Vile viti viwili alipewa mlinzi. Kimoja anakalia, kingine anawekea miguu.

Haya, maharagwe yamekwisha. Nawe Nanzia, tangu juzi unapukuchua tu, hata kucheka hucheki. Sikuulizi kitu. Kesho asubuhi tunapanda kufuata kuni mimi na wewe. Utatangulia, mimi nitakuwa nyuma na magoti yangu haya. Mguu ukipanda, mjukuu wangu, moyo hutua mzigo.