Udongo wa Kwanza

Sogeeni, wajukuu, moto bado unawaka. Hapo zamani, mwaka ule jua lilipokausha hata migomba ya bondeni, kanisa la huko mlimani lilikuwa na ghala la mahindi ya wajane. Funguo alishika Elinami, mzee wa kanisa. Kupima alipima Namkunda, mkubwa wa akina mama. Neno la mwisho lilikuwa la mwinjilisti Kiangi.

Basi mahindi yakapungua. Yakapungua, yakapungua, mpaka magunia yakalala chali. Jumapili moja wakamkamata Nakijwa, mjane aliyefagia kanisa, ana mahindi kwenye pindo la kanga.

"Nimeyafagia chini ya magunia," akasema Nakijwa. "Tazameni, yana mavi ya panya. Mama Namkunda, si ulinikuta na ufagio?"

Namkunda alimkuta kweli. Tena zile punje alizimwaga yeye mwenyewe, siku alipojichotea kikapu cha kumpelekea binti yake aliyejifungua. Akatazama kucha zake.

Mwinjilisti akasema, "Usimhukumu mwenzako kabla hujajichunguza. Inameni. Aliye safi ainue mkono, mwanamke huyu atengwe."

Wakainama. Elinami akajichunguza: alichota mahindi ya mbegu, lakini si atarudisha akivuna? Mkono hakuinua, mdomo hakufungua. Namkunda akajichunguza: akatubu kimoyomoyo, akalia, akaona moyo umekuwa mwepesi, Mungu kamsamehe. Akainua mkono. Mwinjilisti akajichunguza, akajikuta hajala hata punje. Na kweli hakula. Akainua mkono juu kabisa, wala hakumuuliza Nakijwa neno la pili. Waumini nao wakainua.

Kutengwa kwa huko kulikuwa kutengwa. Humsalimu mtu, humpi moto, humpimii mahindi ya wajane. Nakijwa akashikwa na homa, peke yake, na njaa yake. Jirani alipoona moshi hautoki akasukuma mlango. Akamkuta amekwisha kupoa.

Sasa, desturi ya kwao, udongo wa kwanza hutupwa na mtu ambaye hakumkosea marehemu. Asipopatikana huyo, kaburi halifukiwi. Watu wakasimama.

"Tupa, mama," Elinami akamwambia Namkunda. "Siku ile ulitubu, tulikuona ukilia."

Namkunda akaokota udongo. Mkono ukakataa. "Nilimwambia Mungu kwamba nimechota," akasema. "Huyu aliyelala hapa sikumwambia. Tupa wewe, baba. Wewe hukumwinulia mkono."

"Sikuinua. Na mimi nilichota, nikamwacha abebe lawama."

Wote wakamgeukia mwinjilisti. Naye akainama, akajaza kiganja.

"Huyo hakula," akasema jirani. "Lakini hata kuuliza hakuuliza."

Udongo ukamponyoka mwinjilisti. "Na wewe jirani," akasema polepole, "moto ulimpa?"

Jirani akajifunika uso kwa kanga.

Ndipo mvua ikaanza, ile waliyoiombea mwaka mzima. Ikaingia kaburini kabla ya mkono wa mtu yeyote. Namkunda bado ameshika udongo wake, unageuka tope, unamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Haya, wajukuu. Mmoja alikula akanyamaza. Mmoja alikula akatubu, akahukumu. Mmoja hakula, akahukumu bila kuuliza. Msinijibu upesi, inameni kwanza kama walivyoinama wao. Je, nani alistahili kumfukia Nakijwa?