Sultani Asiyesikia Pasipo Kina

Hapo zamani, katika mji wa Mwangani, alitawala Sultani Fumoali, mtu asiyekuwa mbaya ila alipenda mno kusikilizwa. Siku moja mgeni wa Kiingereza alimtunukia kitabu cha maneno ya kwao, yamepangwa jozi jozi: yanayolingana sauti ukurasa huu, yanayokaribiana maana ukurasa ule. Mkalimani alipomsomea, Sultani aliona haya. "Maneno ya Waingereza yana ndugu," akasema, "na ya watu wangu yazurura kama mayatima!" Basi akapiga mbiu: neno lolote litakalosemwa mbele yake pasipo kina, lihesabiwe halikusemwa, wala asiwepo wa kulisikia, msemaji awe nani, hata Sultani mwenyewe.

Ikawa mchimba visima aitwaye Nabahani aliona ukuta wa kisima cha jumbani umepasuka, akaupigia kelele msafara wa Sultani: "Rudini, kisima chabomoka!" Hakuna aliyesikia. Punda wawili wakatumbukia, na Nabahani akafungwa miguu katika gogo la mkatale kwa kusema maneno matupu. Hukumu ikawa nduguye alete beti mia za kumwombea kabla ya sala ya Ijumaa. Asipozileta, Nabahani atafukuzwa mji, asirudi hata kuzikwa.

Nduguye huyo ni Shekue, msuka mikeka, fukara asiyemiliki ila vidole vyake. Siku tatu alitafuta vina huku akisuka, akapata ubeti mmoja na mkeka mmoja, vyote viwili vimepinda. Ijumaa akaenda barazani mikono mitupu.

Akamkuta Sultani kitini, na chini ya kiti kimewekwa chetezo cha makaa, moshi wa udi upate kupanda ndani ya joho, kama ilivyo ada ya waungwana kabla ya kwenda msikitini.

"Zi wapi beti zako, za kumwombea ndugu yako?" akauliza waziri.

Lakini jicho la Shekue lilikuwa limeona upindo wa joho umeteremka hata ukagusa makaa.

"Maulana," akasema, "joho lako laungua."

Waziri akafumba macho. "Wasema pasi kina, masikio hatuna!"

"Kweli, bwana wangu. Basi nitafute." Shekue akakaa kitako, akakunja vidole kimoja kimoja. "Moto... ndoto... kokoto. La, kokoto haimo humu."

Harufu ya udi ikageuka. Sultani akaruka kitini. "Maji! Nileteeni maji!"

Watumishi wakaudaka mtungi. Ndipo Shekue kikamjia kina chake cha kwanza tangu Jumanne:

"Maji kwa maji si kina, rudisheni mtungi tena!"

Watumishi wakamtazama waziri, waziri akatazama dari, maana sheria ni sheria. Mtungi ukarudishwa, Shekue akaushika yeye.

"Mwehu we, naungua!" akalia Sultani.

"Namwona Maulana afumbua kinywa," akasema Shekue kwa masikitiko, "ila sauti haifiki."

Ndimi za moto zikapanda hata magotini, na hofu ni mwalimu asiye na likizo. Sultani akapaza sauti:

"Nimwagieni mtungi, na nduguyo simfungi!"

Shekue akahesabu mizani, nane kwa nane. "Hapo nimesikia," akasema, akamwaga mtungi wote.

Sultani akasimama akichuruzika. "Kwa nini hukuniambia mapema, ewe baradhuli?"

"Nilikuambia, Maulana. Na Nabahani alikuambia kabla yangu."

Sultani akawakumbuka punda wawili. Mara akaanza kucheka, akacheka hata akashika nguzo. "Enyi watu, semeni mtakavyo! Sheria yangu imekufa maji." Akamvika Shekue joho lile lile, lenye upindo ulioungua, na Nabahani akafunguliwa saa ile ile.

Njiani Nabahani akauliza, "Ndugu yangu, beti mia ulizitoa wapi?"

"Ulitosha ubeti mmoja," akasema Shekue. "Tena aliutunga Sultani."